Kadi ya EBT Imekombwa Usiku: Maswali Yenu Kuhusu Wizi wa Fudi Stempu

Maswali ya safari hii yanatoka kwa familia zinazoishi Marekani na kupokea msaada wa chakula wa SNAP, ambao mitaani bado unaitwa fudi stempu. Pesa hizo huwekwa kwenye kadi ya EBT, kadi ya plastiki ya kulipia chakula dukani.

Pesa za chakula ziliingia usiku. Asubuhi keshia akaniambia salio ni dola 3. Kadi ninayo mwenyewe na sijampa mtu. Imekuwaje?

Kadi haikuibwa, ilinakiliwa. Kadi nyingi za EBT bado hazina chipu. Taarifa zake zote zimo kwenye ule ukanda mweusi wa mgongoni, na ni zilezile kila unapolipa. Mwizi hubandika kifuniko juu ya mashine ya kulipia, kazi ya sekunde chache tu keshia akigeuka. Kifuniko kinasoma ukanda, na vitufe vyake vya bandia vinahifadhi namba yako ya siri. Taarifa hizo zikishaandikwa kwenye kadi nyingine yoyote yenye ukanda, anakaa kusubiri siku yako ya kupokea. Ndiyo maana ununuzi wa wizi mara nyingi huonekana mara tu pesa zinapoingia, tena kwenye jimbo ambalo hujawahi kulikanyaga. California ilianza kutoa kadi za EBT zenye chipu mwaka 2025, lakini majimbo mengi hayajafika huko.

Nianzie wapi: polisi, ofisini au dukani?

Anza na simu. Piga namba iliyo nyuma ya kadi na uombe kadi ifungwe. Andika tarehe na saa uliyopiga, kwa sababu saa hiyo ina thamani: kinachoibwa baada ya kuripoti ni mzigo wa jimbo, si wako. Kisha fungua historia ya kadi, upige picha ya kila ununuzi usioujua: duka, mji, saa na kiasi. Peleka picha hizo kwenye ofisi ya SNAP, na ripoti polisi pia.

Kanuni za serikali kuu zinalitaka jimbo liwe limeitia kadi mpya posta, au limeiweka tayari kuchukuliwa, ndani ya siku mbili za kazi. Ikifika, usiirudishie namba ya siri ya zamani kwa kuwa umeizoea.

Watanirudishia?

Kwa fedha za serikali kuu, hapana. Bunge la Marekani liliruhusu malipo kwa wizi uliotokea kati ya tarehe 1 Oktoba 2022 na tarehe 20 Desemba 2024, kisha ruhusa hiyo ikaisha. Mwenye kadi ya benki analindwa na sheria ya miamala ya kielektroniki, lakini sheria hiyohiyo imeiacha nje EBT. Kwa maoni yetu huo ni uonevu: anayelindwa kidogo zaidi ndiye mwenye kidogo zaidi. Hata hivyo jimbo linaweza kulipa kutoka mfukoni mwake, kwa hiyo uliza lako. Na kama pesa zilichotwa baada ya kuripoti kadi, una siku 90 za kuomba kesi yako isikilizwe.

Nikiifunika mkono namba ya siri, inatosha?

Mkono unazuia kamera, hauzuii vitufe vya bandia. Kinachofaa zaidi ni kubadilisha namba ya siri kila mwezi, siku moja kabla ya pesa kuingia. Hapo nakala aliyonayo mwizi inabaki plastiki tupu. Epuka 1234, 0000 na mwaka wa kuzaliwa, maana wezi hujaribu hizo kwanza.

Kabla ya kupitisha kadi, shika kingo za mashine uvute. Kifuniko hucheza, au huwa kinene kuliko mashine ya jirani yake. Pia uliza kama jimbo lako linatumia ebtEDGE au ConnectEBT. Katika majimbo mengi programu hizi hukuwezesha kuifunga kadi ukiwa nyumbani na kuifungua ukiwa kwenye foleni, na kuzuia ununuzi wa nje ya jimbo.

Nimepata meseji: "Kadi yako imefungwa, piga namba hii."

Futa. Hakuna ofisi inayoomba namba ya siri. Ukiwa na shaka, piga namba ya simu iliyo nyuma ya kadi.

Kijana wa kanisani anayejua Kiingereza ndiye aliyetufungulia akaunti ya msaada mtandaoni. Ana namba ya siri na picha za vitambulisho vyetu. Ni mtu mwema.

Wema wake haulindi simu yake. Ikipotea, imepotea na faili zenu. Tena kama akaunti ina barua pepe yake, taarifa za kuhuisha msaada zinaingia kwake, na akisahau kuwaambia, msaada unakatika.

Mwite nyumbani mkae naye, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha utaingia kwenye simu yake. Wekeni namba yenu ya simu na barua pepe yenu, badilisheni nywila, mwisho namba ya siri. Afute picha za vitambulisho kwenye simu na kwenye WhatsApp mbele yenu. Mkihitaji mtu wa kuwanunulia, SNAP inaruhusu kumteua mwakilishi rasmi. Na mkalimani wa ofisi ni bure, ombeni wa Kiswahili.

Kama namba yako ya Social Security (namba ya utambulisho ya Marekani) imezagaa, omba Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, wafunge taarifa zako za mikopo. Ni bure, lakini kila kampuni unaiomba peke yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 16 mzazi anaweza kuomba.

Duka tunalonunua unga wa fufu na samaki wakavu hutukopesha. Mwenye duka anabaki na kadi, pesa zikiingia anakata deni lake.

Ichukue leo, ubadilishe namba ya siri kabla hujafika nyumbani. Duka haliruhusiwi kupokea SNAP kwa chakula kilichokopwa, na kwa mpango huo hata wewe huwezi kujua amekata kiasi gani. Lililobaki kwenye daftari lake mlipe kwa pesa taslimu.