Niliyemchagua kashindwa, huyu aliyeshinda nimheshimu kwa lipi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi kijana wa miaka 24, uchaguzi uliopita nilipanga foleni toka alfajiri mpaka mchana nikapiga kura na wangu akashindwa. Sasa baba kila siku ananiambia huyu aliyeshinda ndo kiongozi wetu nimheshimu, na mimi moyoni naona kumheshimu mtu ambaye sikumchagua ni unafiki. Halafu kura yangu moja imebadilisha nini? Next time nalala tu.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa foleni. Kuumia ni haki yako, ila kulala hapana.

Mwaka 2017 huko Virginia, Marekani, wagombea wawili wa kiti kimoja cha bunge la jimbo walifungana, kila mmoja kura 11,608. Ikabidi majina yatiwe kwenye bakuli litolewe moja, na aliyebahatika akakipa chama chake wingi bungeni, 51 kwa 49. Mimi huwa nawafikiria wale waliobaki nyumbani siku ile wakisema kura moja haina kitu. Sasa sikudanganyi, mara nyingi haifiki huko, lakini hata ukishindwa kura yako inahesabiwa, na wanasiasa wanasoma hizo hesabu kuliko unavyodhani, wanajua mtaa gani ulijitokeza na upi ulisusa, rika gani linapiga kura na lipi linapiga kelele tu. Wakishajua vijana hawaji, ahadi na bajeti zinaenda kwa wanaokuja, na hapo umejiondoa mwenyewe.

Haya, heshima. Nadhani wewe na baba mnasema vitu viwili tofauti. Kumheshimu kiongozi aliyechaguliwa si kumpenda wala kumpigia makofi, ni kukubali kwamba kile kiti wananchi wenzako ndio wamempa, na wenzako wana akili kama wewe. Ukimkataa kwa sababu tu sio wako, unawaambia majirani zako kura zao si kitu, na siku wako akishinda na wao watakwambia hivyo hivyo, sasa nchi hiyo itaongozwa na nani?

Angalia Kenneth Kaunda. Ameongoza Zambia miaka 27, mwaka 1991 akashindwa, akakubali akakabidhi. Nigeria 2015, Rais Goodluck Jonathan akampigia simu mpinzani wake aliyemshinda, Muhammadu Buhari, kumpongeza hata matokeo hayajaisha kutangazwa. Hawa walikuwa na jeshi na dola mkononi, na wao pia iliwauma, sana tu naamini.

Najua utaniuliza, je kama kura zimeibiwa? Hapo si unafiki wala uasi kukataa, ila kuna njia yake. Malawi uchaguzi wa urais wa 2019 ulipelekwa mahakamani, Februari 2020 mahakama ikaufuta, Juni ukarudiwa na mpinzani akashinda. Watu waliandamana, mawakili wakapeleka ushahidi, majaji wakasikiliza, ikawa. Kutoridhika na kushindwa peke yake lakini sio ushahidi wa wizi, hapo uwe mkweli na nafsi yako.

Na huyu kiongozi, mwanangu, hata kama hukumpa kura ni wako, mshahara wake unatoka kwenye kodi yako. Nenda ofisini kwake, muulize ile barabara imefikia wapi, mwandikie, hudhuria mikutano, muumbue kwa hoja ikibidi. Ila mambo ya kumtukania mama yake mitandaoni acha, maana ukishamtukana anapata sababu ya kutokusikiliza, na wale waliomchagua, ambao kesho utawahitaji wabadili mawazo, unawasukuma wamtetee hata pale alipokosea kweli.

Kwa hiyo baba mwambie umemsikia, na kesho mkaongozane naye kwenye mkutano wa mtaa, yeye na heshima yake, wewe na maswali yako. Na kadi yako ya kura itunze.