Sikio linalotoa usaha si la kuzoeleka

Hapa Ujiji utakuta mtoto anashinda na pamba sikioni mwaka mzima, ukiuliza unaambiwa, "Ah, huyo ndivyo alivyo, ataacha akikua." Mpwa wangu alikuwa hivyo. Alipoanza sekondari sikio likakauka ghafla, dada akashukuru Mungu. Kisha kikaja kichwa.

Huku kwetu kichwa na homa ni malaria, basi. Akapimwa, hakuna malaria. Akapewa dawa ya maumivu, akarudishwa nyumbani. Homa yenyewe ilikuwa ya kupapasa tu, na wagonjwa wengi wa jipu la ubongo, yaani usaha uliojikusanya ndani ya ubongo kama ilivyokuja kuonekana kwake, hawana homa kabisa. Mimi nilishtushwa na kikombe cha chai: alikishika kwa mkono wa kushoto, kikamponyoka, naye akabaki anautazama ule mkono. Jioni akatapika, akaanza kusinzia mno. Majirani wakanong'ona karogwa.

Ukiona hivyo usisubiri kesho. Kati ya sikio na ubongo pana mfupa mwembamba, na usaha wa miaka huula taratibu. Njia nyingine za usaha kufika ubongoni ni sainasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso) zilizoambukizwa, jino lililooza, jeraha la fuvu, au moyo uliozaliwa na tundu.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, alipigwa picha ya kichwa ya CT scan baada ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha. Pete nyeupe, katikati giza: usaha. Wakapima na VVU, shemeji akanuna. Lakini kinga ikishuka, kimelea kiitwacho toksoplasma nacho huweza kutoa pete kama hiyo, na matibabu yake ni mengine. Maji ya mgongo hawakuyagusa. Shinikizo likiwa kubwa kichwani, kuyatoa kunaweza kuusukuma ubongo chini ukabanwa.

Wakatoboa fuvu tundu dogo, wakavuta usaha kwa sindano, mwingine ukaenda maabara. Jipu dogo, chini ya sentimita 2.5 hivi, pengine hutibiwa kwa dawa pekee. Usaha ukitandaa chini ya utando wa ubongo, hiyo ni dharura ya upasuaji.

Sasa kazi yenyewe: dawa za kuua bakteria, seftriaksoni na metronidazo, kupitia mshipa, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Mapema tu kijana anakula ugali na kudai simu, na ndugu wanapiga kutoka Kigoma: "Kapona huyo, mnangoja nini?" Wajibuni kwa upole, ila msiondoke. Picha hurudiwa kuona kama jipu linasinyaa, na dawa za kuzuia kifafa, kama amepewa, haziachwi bila daktari kusema.

Na sikio bado. Daktari wa masikio lazima alishughulikie, pengine kwa kuusafisha mfupa wa nyuma yake, la sivyo jipu linaweza kurudi. Wenye watoto wa pamba: kausheni sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, tieni matone ya hospitali, msimimine mafuta wala maji ya kitunguu, na mwombeeni rufaa mtoto angali anacheza.