Kabla Hujaomba Uzamili wa Uhandisi wa Bahari

Wengi huniuliza: nikasome wapi? Kwanza jiulize unataka kufanya nini baharini. Uhandisi wa bahari ni jina pana mno. Yuko anayekokotoa nguvu za mawimbi kwenye nguzo za mitambo, yuko anayeunda roboti za chini ya maji, yuko anayezuia fukwe zisiliwe na maji. Vyeti vyao hufanana, kazi zao ziko mbalimbali kabisa. Mimi niliomba bila kulijua hilo, nikapoteza muhula mzima kwa masomo ambayo sijayagusa tena.

Kwa hiyo tafuta maabara kwanza, jina la chuo lifuate baadaye. Soma tasnifu za wanafunzi waliosimamiwa na mwalimu unayemtaka, uone wanapima nini. Uliza kama kuna tangi la mawimbi, yaani bwawa la maabara ambamo mashine hutengeneza mawimbi, na kama mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kulitumia mwenyewe. Barua yangu ya kwanza kwa profesa ilikuwa ya kusifu chuo, haikujibiwa. Ya pili niliuliza kuhusu mchoro mmoja katika tasnifu ya mwanafunzi wake. Nilijibiwa siku ileile.

Halafu hesabu. Nilitoka uhandisi wa mitambo nikijiona niko vizuri, lakini kufikia wiki ya pili nilikuwa nimeachwa nyuma. Rudia milinganyo tofautishi, namba changamano na uchambuzi wa Fourier (kuligawa wimbi tata katika mawimbi sahili) miezi miwili kabla ya kuanza, na uzoee kuandika programu za kuchakata data. Nadharia ya Airy, inayoeleza mwendo wa mawimbi madogo, na mlinganyo wa Morison wa mwaka 1950, wa kukokotoa nguvu ya mawimbi kwenye nguzo, utakutana navyo kila kona, na havikusubiri ukumbuke kalkulasi.

Lakini kilichonifunza zaidi ni tangi. Modeli yangu ilikuwa ya kipimo cha 1 kwa 50, yaani kila urefu ulipunguzwa mara 50. Ukirudisha matokeo kwenye ukubwa halisi, muda unazidishwa mara 7 hivi, na nguvu mara 125,000. Maana yake, kosa lenye uzito wa gramu moja kwenye modeli ni kosa la kilo 125 baharini. Vipima mawimbi vyetu vilikuwa nyaya mbili zilizozama majini, zikipima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na hali hiyo hubadilika maji yakipata joto au yakipoa. Vinatakiwa kurekebishwa kila asubuhi. Mimi nilivirekebisha Jumatatu tu, nikapiga kazi hadi Jumatano. Data ya siku mbili ikatupwa yote.

Msimamizi wangu hakunikaripia. Alinipa nikasome habari za Alexander L. Kielland, jukwaa la malazi ya wafanyakazi wa mafuta lililopinduka Bahari ya Kaskazini tarehe 27 Machi 1980. Watu 123 walikufa kati ya 212. Ufa ulianzia kwenye uchomeleaji wa kishikizo kidogo cha kifaa cha kusikiliza sauti majini, mawimbi yakaupanua taratibu mpaka muhimili mmoja ukakatika, na mguu mzima ukang'oka.

Niliisoma usiku ule mpaka mwisho. Asubuhi nilifika maabara kabla ya wenzangu, nikapima joto la maji, nikarekebisha vipima vyote, kisha nikasubiri maji yatulie kabisa ndipo nikawasha mashine.