Karo hiyo ingelipwa kwa nyanya yake

Mhariri, mmeuliza: mtoto aliyefiwa na wazazi, makao ya watoto yenye shule na chakula yanamfaa kuliko nyumba ya jamaa maskini? Nawajibu kutoka Kilifi. Mtoto wa marehemu dada yangu alikaa makao miaka minne, kisha nikamchukua.

Tulimpeleka wenyewe. Watu hudhani watoto wa makao wote ni mayatima wasio na mtu. Huyu alikuwa na nyanya, alikuwa na mimi mamake mdogo, na wajomba wawili. Kilichotushinda ni karo na unga. Nyanya yake alionyeshwa karatasi, akatia kidole gumba.

Alirudi ana miaka kumi. Jioni ile nilitandika jamvi, nikaweka sinia ya wali na samaki wa kupaka, wanangu wakaanza kula. Yeye alisimama kando, mikono nyuma. Nikamwambia, "Kaa ule, mwanangu." Akaniuliza, "Sahani yangu ni namba ngapi?" Kula sinia moja na wenzake kulimchukua wiki nzima. Na yeye alimwita mama kila mwanamke aliyepita, hata muuza mboga.

Silaumu waliomlea. Walikuwa wanawake watatu wa zamu na watoto zaidi ya arobaini. Huyu akizoeleka, zamu inabadilika, au anaacha kazi.

Serikali yetu ya Kenya nayo imeliona hili. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Sheria ya Watoto ya mwaka huo imetambua hata kafala, na kwetu Waislamu ni jambo kubwa: yatima analelewa na familia nyingine na nasaba yake inabaki kuwa yake. Nawaomba wenye nafasi mlifikirie kwa dhati, kwa sababu wako watoto ambao kweli hawana jamaa.

Najua pia kuna watoto wanaoteswa na jamaa zao wenyewe, wanaogeuzwa watumishi. Ndiyo maana nilifurahi afisa wa watoto alipokuja kwangu bila taarifa, akatazama anapolala, kisha akaketi naye peke yake chini ya mwembe. Amekuja mara mbili tu. Maafisa hawa waongezwe, tena wapewe nauli.

Na pesa zimfuate mtoto. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kwa kaya inayozipata, haziwezi kubeba unga, sare na daftari. Wakati huohuo kuna mfadhili aliyekuwa akimlipia mtoto wetu kitanda, chakula na shule kule makao, kila mwezi, miaka minne. Angalimlipia karo tu akiwa kwa nyanya yake, tusingalimtoa nyumbani.