Triumph Bonneville au Yamaha XS650: ninunue ipi?

SWALI: Mafundi, salamu. Naishi Leicester, Uingereza. Nataka pikipiki ya zamani ya silinda mbili, ya kuendea kazini wakati wa kiangazi. Nimepata mbili za bei inayokaribiana: Triumph Bonneville T120 ya 1969 na Yamaha XS650 ya 1976. Zote zinawaka. Nichukue ipi, na nikague nini kabla sijatoa pesa?
Msomaji, Leicester

JIBU: Kama ni ya kazini, chukua Yamaha. Kwa sura Triumph inashinda, hilo hatubishani, na kwenye kona pia inashinda kwa sababu ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 30. Lakini pikipiki ya kila siku hupimwa kwa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni.

Krenki ya Yamaha inazungukia beringi za gololi na rola, na kasha la injini limegawanywa kwa ulalo, kwa hiyo maungio hayakai ndani ya oili. Kasha la Triumph limegawanywa wima, na oili haina filta ya maana, ni nyavu tu. Uchafu unaopita hutupwa na mzunguko ndani ya bomba lililomo katikati ya krenki. Bomba likijaa tope, matundu ya oili yanaziba na beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) zinakufa. Kulisafisha ni lazima injini ifunguliwe yote. Basi muulize muuzaji lilisafishwa lini, naye akuonyeshe risiti. Hana? Hesabu gharama ya kufungua injini ndani ya bei.

Triumph ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha tangi la oili uchungulie: oili irudi kwa mikupuo yenye mapovu. Ikiwa imekaa wiki kadhaa, oili hupenya kwenye gololi zinazofunga njia ya pampu na kushukia kwenye kasha la krenki. Tangi linaonekana limepungua, mtu anaongeza, kisha injini inatoa moshi na kumwaga oili kila upande. Usiongeze. Fungua nati ya chini, mwaga iliyoshuka, ndipo ujaze tangi. Jua pia kwamba gia iko mguu wa kulia, hakuna stata ya umeme, chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye fremu, na spana za milimita hazifai.

Yamaha tatizo lake ni chaji. Alternata yake, yaani mtambo wa kuchaji betri, inatumia brashi na rota (sehemu inayozunguka) yenye waya. Weka mita kwenye betri, pandisha injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika: isome volti 14 na kidogo. Ikibaki 12.5, anza na brashi. Mpya ina urefu wa milimita 14.5; ikifika 7, badilisha. Kisha pima rota kati ya pete zake mbili: omu 5 hivi. Kati ya pete na chuma chenyewe mita isisome kitu. Ikisoma, rota imeungua.

Bonyeza stata usikilize. Ikikwaruza, klipu ya waya kwenye gia yake imelegea. Piga kiki tu mpaka uirekebishe, la sivyo meno yataliwa. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kando kwa kando: likicheza, bushi za plastiki za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu zimekwisha, weka za shaba. Ukishainunua, oili ya kwanza ukiimwaga toa na wavu wa chini. Mara nyingi huwa umechanika.

Mtikisiko usikusumbue kichwa. Zote mbili pistoni hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo zote zinatikisika.

SWALI: Bonneville yangu ya 650 kila asubuhi nikiweka gia ya kwanza inaruka na kuzima. Tatizo nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sahani za klachi zimegandana kwa oili. Kabla ya kuwasha swichi, bana klachi upige kiki mara mbili tatu zijiachie. Hali ikiendelea, fungua kifuniko cha klachi, bana klachi, piga kiki polepole huku ukitazama sahani ya nje. Ikiyumba, springi tatu hazijakazwa sawa. Kaza upande unaochomoza zaidi, nusu mzunguko kwa zamu, hadi izunguke bila kuyumba.