Mafuta Hayapitishi Umeme, Sasa Shoti Inatoka Wapi?

Maswali ya wasomaji: umeme

Toleo lililopita niligusia kidogo tu mafuta ya transfoma, yale yanayojazwa ndani yake kuzuia umeme usiruke na kuipooza, basi mmeniandikia mpaka basi. Nimechagua matano, la kwanza nalijibu kwa kirefu maana ndo lenyewe, mengine yanaegemea hapo hapo.

SWALI: Mimi fundi, nipo karakana ya kukarabati transfoma hapa Tanga. Tukipima mafuta kwenye ile mashine yenye vichwa viwili, mafuta ya chupa moja, mara ya kwanza yanapiga kilovolti 41, ya pili 58, ya tatu 47, ya nne 60. Bosi anasema mashine mbovu. Ni mashine au ni mafuta? Na hivi cheche inaanzia wapi hasa, wakati mafuta yenyewe hayapitishi umeme?
Fundi, Tanga

JIBU: Fundi mwenzangu, mashine yenu nzima, mwambie bosi hivyo ila kwa adabu maana ndo anayelipa. Namba kucheza hivyo ni kawaida kabisa, na ndo maana kipimo cha kimataifa cha IEC 60156 kinataka upige mara sita uchukue wastani, vichwa viachane milimita 2.5, volti ipande kilovolti 2 kila sekunde, na kati ya pigo na pigo usubiri angalau dakika 2 ili masizi na viputo vya pigo lililopita vitawanyike. Wengi mtaani wanapiga mara moja, wanaandika namba, wanafunga, halafu wanashangaa transfoma imerudi karakana.

Sasa kwa nini zinacheza. Mafuta yakiwa masafi na makavu ni kihami (kizuia umeme) kikali kweli kweli, mafuta mapya yaliyochujwa na kukaushwa vizuri yanatakiwa yafike kilovolti 70 kwenye huo mwanya wa milimita 2.5, wakati hewa ya kawaida kwenye mwanya huo huo inaachia chini ya kilovolti 10. Ila umeme hauna shida na mafuta yote, unatafuta sehemu moja tu mbovu ujipitie: kijiuzi cha karatasi, katone ka maji usikoweza kukaona, kiputo cha hewa, kinundu kwenye chuma. Pigo la kwanza labda kijiuzi kilikuwa katikati ya vichwa ikakupa 41, mafuta yakakorogeka kijiuzi kikaenda pembeni ukapata 58. Yaani kila pigo unapima uchafu uliojikuta pale katikati wakati ule. Na kwa sababu hiyo hiyo usije ukachukua kilovolti 60 za milimita 2.5 ukazidisha ukasema sentimita 10 zitahimili kilovolti 2,400, hazihimili hata kidogo! Mafuta yakiwa mengi na chuma kikiwa kikubwa, uwezekano wa kuwepo pahala pabovu unaongezeka, kwa hiyo nguvu ya kila milimita inashuka.

Haya, cheche inaanzia wapi. Mara nyingi ni pale pale chuma kinapogusana na mafuta. Chuma hata ukisugue vipi kina vinundu, na kwenye ncha ya kinundu uga wa umeme, yaani ile nguvu ya umeme inayovuta na kusukuma chaji, unajikusanya unakuwa mkali mara nyingi kuliko huku katikati. Upande hasi elektroni zinachomolewa kwenye chuma zinaingia kwenye mafuta, upande chanya molekyuli za mafuta zilizo jirani na chuma ndo zinanyang'anywa elektroni zao. Hapo bado hamna cheche, ni mkondo mdogo mno. Shida ya elektroni ikiwa ndani ya kimiminika ni kwamba haina nafasi ya kukimbia, kila ikianza inagonga molekyuli, nguvu yote inaishia kuwa joto, na hilo joto linalundikana kwenye eneo la mikroni chache tu pale kwenye ncha kwa muda ambao hata mikrosekunde moja (sekunde ukiigawa mara milioni) haujafika. Mafuta ya hapo yanageuka mvuke, unapata kiputo.

Na kiputo ndo balaa lenyewe. Ndani ya mvuke elektroni imepata uwanja, inachukua kasi, ikigonga molekyuli inang'oa elektroni nyingine, hizo nazo zinagonga zingine, na juu ya hapo uga ndani ya kiputo cha duara ni mkali kwa karibu asilimia 20 kuliko kwenye mafuta yanayokizunguka. Kwa hiyo gesi, ambayo ndo dhaifu, ndo inayobebeshwa mzigo mkubwa. Watu wa maabara wamebishana miaka na miaka kipi kinatangulia, elektroni au kiputo, mie nipo na wanaosema vinafuatana: elektroni inaleta joto, joto linaleta kiputo, kiputo kinaleta elektroni nyingi zaidi. Ushahidi ninaoupenda ni wa presha. Yabane mafuta kwa presha kubwa, utaona volti inayotakiwa kuyapenya inapanda. Kama mambo yote yangekuwa yanafanyika ndani ya kimiminika peke yake presha isingesaidia sana, maana kimiminika hakibaniki kirahisi, kinachobanika ni gesi. Basi gesi imo.

Kutoka hapo kiputo kinachipua matawi ya gesi yenye chaji, wataalamu wanayaita strima, wakiyapiga picha kwa kamera za kasi na taa ikiwa upande wa nyuma yanaonekana meusi kwenye mafuta angavu. Strima ya upande hasi ikianza huwa fupi, imejaa kama kichaka, inajivuta. Ya upande chanya ni nyembamba, ndefu, na inakwenda karibu kilomita 2 kwa sekunde, yaani inaipita sauti ambayo kwenye mafuta inaenda kama kilomita 1.4. Piga hesabu: sentimita 10 inazimaliza kwa mikrosekunde 50. Sasa radi ya kipimo cha kiwandani, yaani pigo la volti la kuigiza radi, inapanda kwa mikrosekunde 1.2 halafu inashuka mpaka nusu ikifika mikrosekunde 50, kwa hiyo hapo ni mashindano, strima inataka ifike ng'ambo kabla radi haijaisha nguvu, na kuna siku inafia njiani transfoma inapona na hakuna aliyejua. Ila volti ikizidi kiwango fulani strima inabadilika tabia, inaenda makumi ya kilomita kwa sekunde, hadi 100 na zaidi, hapo mashindano hamna tena. Ikishagusa upande wa pili, vichwa vimeunganishwa na njia ya gesi ya moto, umeme wote unapita hapo, na ndo ule mlio mnaousikia karakana.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mombasa, kiwandani. Transfoma yetu tuliipima mafuta mchana ikiwa ya moto, majibu yakawa mazuri. Wikendi ikazimwa, Jumatatu alfajiri kuiwasha tu ikapiga shoti. Silika jeli ilishakuwa ya pinki muda mrefu. Vinahusiana?
Kijana wa zamu, Mombasa

JIBU: Marahaba. Vinahusiana sana, na hiyo silika jeli ilikuwa inawaambia kila siku hamsikii. Transfoma inapumua, ikipoa mafuta yanasinyaa inavuta hewa ya nje, na hewa ya Mombasa unaijua ilivyo. Silika jeli kazi yake ni kunyonya unyevu kabla haujaingia, ile ya bluu ikishakuwa ya pinki imeshiba, hainyonyi tena.

Maji yaliyoyeyuka kabisa kwenye mafuta hayaleti tabu kubwa, tabu ni yakikaribia kujitenga. Mafuta ya petroli, yaani haya ya kawaida ya transfoma yanayotokana na mafuta ghafi, sio petroli ya gari, yakiwa na joto la nyuzi 20 yanaweza kuyeyusha maji kama sehemu 55 kwa milioni, yakiwa nyuzi 60 yanabeba zaidi ya 200. Chukua mafuta yenye sehemu 50: kwenye transfoma ya moto hiyo ni robo tu ya uwezo wake, unapima unafurahi, yakipoa kufika nyuzi 20 na kitu yanakaribia kujaa, maji yanatafuta pa kushika, na pa kwanza ni kwenye nyuzi za karatasi zilizomomonyoka kutoka kwenye koili. Uzi uliolowa unavutwa na uga kwenda pale uga ulipo mkali zaidi, unajipanga kuelekea upande uga ulikoelekea, mwingine unakuja unashika nyuma yake, mwisho zinashikana kama siafu wanaovuka maji. Daraja likikamilika mkondo unapita kwenye unyevu, unachemka, viputo hivyo vimekuja, na mengine nimeshamwambia fundi wa Tanga hapo juu. Kwa hiyo mkipima chukueni sampuli na muandike mafuta yalikuwa na joto kiasi gani, na muombe kipimo cha maji, namba ya kilovolti peke yake mie siiamini. Dawa ni kuyachuja kwa mashine ya joto na vakyumu. Kubadilisha silika jeli ni kazi ya asubuhi moja, sasa mnangoja nini?

SWALI: Inawezekana kujua ndani kumeanza kuharibika kabla haijalipuka?
Mwanafunzi wa ufundi, Dar es Salaam

JIBU: Inawezekana, kwa gesi. Vicheche vidogo vidogo ambavyo havijavuka vinavunja molekyuli za mafuta, gesi inayotoka hapo kwa wingi ni haidrojeni. Ukikuta asetilini shtuka, hiyo inahitaji joto la nyuzi 700 na zaidi kwa hiyo kuna mahali cheche nzito imeshapita. Sampuli inatolewa kwa sirinji, isiguse hewa, inapelekwa maabara. Na kwenye transfoma kubwa kuna rilei ya Buchholz kwenye bomba la kwenda tangi la juu, Mjerumani Max Buchholz aliipatia hataza mwaka 1921 na mpaka leo ipo vile vile: gesi ikijikusanya inasukuma mafuta chini, boya linashuka, kengele inalia. Kifaa cha kizamani, hakina kompyuta, na mie nakipenda kuliko vingi vya sasa.

SWALI: Wanaoiba mafuta ya transfoma huku kwetu wanawauzia watu wa chipsi. Mimi nauza chipsi, nitayajuaje? Na kwani wakichota kidogo transfoma inakufa kweli?
Mama Chipsi, Nairobi

JIBU: Dada yangu, usijaribu kuyajua kwa macho wala kwa kunusa, nunua yaliyofungwa na yenye lebo, ya dumu la bei ya ajabu achana nayo. Hayo ni mafuta ya petroli, na ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, kemikali ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulitaka zitolewe kwenye mitambo ifikapo 2025 kwa sababu ni sumu na hazitoki mwilini kirahisi. Na kuhusu kidogo, kidogo yao ni madumu. Mafuta yakishuka, sehemu za juu za koili na nyaya zinabaki kwenye hewa, na umbali uliopimwa kwa ajili ya mafuta hewa haiwezi kuuhimili, pia hamna tena cha kupooza, transfoma inajipika. Mtaa mzima unaingia gizani kwa ajili ya sahani za chipsi.

SWALI: Huku Singida alizeti tunayo tele. Nimesikia kuna transfoma zinatumia mafuta ya mimea, kweli au porojo?
Mkulima, Singida

JIBU: Kweli mzee wangu. Ya soya yanatumika sana na ya alizeti pia yamewahi kutumika. Uzuri wake wa kwanza ni moto: ya petroli yanashika na kuendelea kuwaka kwenye nyuzi kama 170, ya mimea yanavuka 300. Uzuri wa pili yanayeyusha maji mengi mno, yanafika sehemu 1,000 kwa milioni hata yakiwa ya baridi, kwa hiyo yule kijana wa Mombasa asingepata taabu ile mapema hivyo. Ubaya wake uko kwenye zile strima, kwenye mwanya mrefu strima ya mbio inaanza kwa volti ndogo kuliko kwenye mafuta ya petroli. Transfoma ndogo za mtaani haziathiriki na hilo, ila wanaochora zile kubwa za laini za volti ya juu inabidi waongeze vizuizi vya karatasi ngumu ndani na kupunguza ncha kali za chuma. Pia yanaganda taratibu yakikutana na hewa, ndo maana tangi lake linafungwa halipumui. Ukifikiria soko hilo, alizeti inayotafutwa ni ya mbegu yenye asidi ya oleiki nyingi, hiyo haigandi haraka, kwa hiyo kabla hujapanda muulize mnunuzi anataka asilimia ngapi, mbegu ya kawaida hawatakuchukulia.