Maswali ya Wasomaji: Kompaila mpya ipo, mbona inaitika ya zamani?

Swali: Nimeweka MSYS2, kifurushi cha zana za kutengeneza programu, kwenye laptop ya Windows ili nipate g++ mpya, yaani kompaila inayogeuza msimbo wa C++ kuwa programu. Njia ya `C:\msys64\ucrt64\bin` nimeiingiza kwenye Path yangu, tena juu kabisa. Lakini `g++ --version` bado inaleta 6.3.0, na nikiandika `#include <optional>` naambiwa faili hilo halipo. Cha ajabu, VS Code haipigi mstari mwekundu popote. Inakataa wakati wa kujenga tu. Naombeni msaada.
*Msomaji, Nyegezi, Mwanza*

Jibu: Ndugu msomaji, njia umeiandika sawasawa, ila umeiweka kwenye orodha inayosomwa ya pili. Path ni orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu. Ziko mbili, ya mfumo na ya mtumiaji, na Windows huziunganisha ya mfumo ikitangulia. Kompaila ya zamani ikiwa kwenye ile ya mfumo, hata ukiipandisha mpya juu kabisa ya orodha yako haitafikiwa. Toleo 6.3.0 ni la Desemba 2016, na mara nyingi hukaa `C:\MinGW\bin`. Faili la `<optional>` lilianza na GCC 7 (GCC ndiyo familia ya kompaila yenye g++), ndiyo maana halionekani.

Kabla ya kugusa chochote, fungua terminali uandike `where.exe g++`. Hiyo `.exe` usiiache, maana ndani ya PowerShell `where` peke yake ni amri nyingine kabisa. Mstari wa kwanza utakaotokea ndiyo kompaila inayoitika.

Kisha bonyeza Windows+R, andika `sysdm.cpl`, nenda Advanced, halafu Environment Variables. Kwenye sehemu ya chini, ya mfumo, chagua Path na uiondoe `C:\MinGW\bin`. Tunashauri uiondoe kabisa badala ya kuishusha, kwa sababu kompaila mbili kwenye Path moja zitakusumbua tena siku nyingine. Bonyeza OK kwenye kila dirisha, mpaka yote yafunge. Usitumie `setx` kwa kazi hii: Path ikizidi herufi 1024, inakatwa mkia na njia zilizokuwa mwishoni zinapotea.

Sasa funga terminali na VS Code yote, si kichupo tu. Programu huichukua Path mara moja, inapowashwa, na mabadiliko ya baadaye haiyaoni.

Kuhusu mstari mwekundu: `compilerPath` iliyo ndani ya `c_cpp_properties.json` inamwongoza mhariri wa VS Code tu. Anayejenga ni `command` ya `tasks.json`. Kote kuwili andika `C:/msys64/ucrt64/bin/g++.exe`, kwa mikwaju ya mbele. Ukitaka ya nyuma, lazima uiandike miwilimiwili. Kama unatumia CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu, futa folda ya build, kwani `CMakeCache.txt` hung'ang'ania kompaila ya kwanza.

Swali: Code::Blocks, programu ninayoandikia msimbo, inasema haioni kompaila, na njia nimeiweka hadi `bin`.
*Msomaji, Sengerema*

Jibu: Hiyo `bin` ndiyo kosa. Kwenye Settings, Compiler, Toolchain executables, andika `C:\msys64\ucrt64` na uishie hapo. Code::Blocks huongeza `bin` yenyewe.

Swali: Nimemtengenezea mfanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kirumba programu ya kuhesabu magunia. Kwangu inafanya kazi, kwake inadai `libstdc++-6.dll`.
*Msomaji, Ilemela*

Jibu: Kwako Path inaipatia programu maktaba zake kimyakimya kutoka kwenye folda ya kompaila, kwake folda hiyo haipo. Jenga upya hivi: `g++ dagaa.cpp -o dagaa.exe -static`. Faili litanenepa, lakini mteja atabeba faili moja tu kwenye flash, na kwa mtu wa mwaloni hilo ni bora kuliko yote. Usipotaka hivyo, nakili `libstdc++-6.dll`, `libgcc_s_seh-1.dll` na `libwinpthread-1.dll` kutoka `C:\msys64\ucrt64\bin` uziweke kando ya `dagaa.exe`. Windows hutafuta kwanza kwenye folda ya programu yenyewe, kwa hiyo hata kama kompyuta yake ina DLL ya zamani kwenye Path, haitaingilia. Kompyuta yake ikiwa na Windows iliyotangulia 10, hakikisha ina sasisho la UCRT (maktaba ya msingi ya C ya Windows), kwani kompaila ya ucrt64 huitegemea.